Kule Chini Hakuna Mtu

Dimitri Kabeya aliletwa kutoka kasho, mahabusu ya polisi, akiwa na pingu mikononi na jicho la kushoto limevimba hadi kufunga.

"Nani amekupiga?" Inspekta Abigaël Mbombo aliuliza.

"Nilianguka, mama."

Inspekta alimtazama polisi aliyemleta. Polisi akatazama dirishani.

"Mfungue hizo pingu. Halafu utoke."

Mlango ulipofungwa, aliweka simu juu ya meza. Ilikuwa simu ya Ruffin Lukusa, iliyotolewa mfukoni mwake Jumapili asubuhi, wanawake wanaoosha mawe walipoukuta mwili wake ndani ya shimo la zamani kule Mutoshi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Ruffin alikuwa mchimbaji wa shaba kabla hajaacha koleo na kuanza kuandika michezo ya kuigiza. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa uonyeshwe mwisho wa mwezi katika ukumbi wa parokia, na Dimitri ndiye aliyepewa nafasi kubwa.

"Jumamosi ulimtumia ujumbe," Inspekta alisema. "'Kesho bulongo itafunga kinywa yako.' Kesho yake tumemtoa shimoni, udongo umejaa mdomoni."

"Mama, ile ni maneno ya mu teatri. Mi nacheza Chefu, ule mwenye shimo. Chefu njo anasema vile. Ruffin alikuwa ananikombania kila siku ju sijui maneno yangu. Nilimutumia aone nimeshajua."

"Nani mwingine ameisoma hiyo teatri?"

"Tania, tunacheza naye. Mama Honorine, mwalimu yake ya zamani. Na ule profesa Ngoyi. Ruffin alibapatia karatasi bote wawili. Yetu ilikuwa mu saki yake."

Mkoba wa Ruffin haukuwa umepatikana.

"Una gari?"

"Gari?" Dimitri alitaka kucheka, jicho likamuuma. "Mi sina hata kinga."

Kinga ni baiskeli. Inspekta aliliandika jibu hilo. Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na njia ya kuendea shimo lile ilikuwa tope hadi kifundoni. Soli za viatu vya Ruffin zilikuwa safi. Hakutembea kufika pale.

Kamanda alimsubiri kwenye korido. "Umemaliza? Ujumbe ndio huo. Mtu ametisha, mtu amekufa. Kesho faili liende parke kwa mwendesha mashtaka."

"Bado sijajua anayetisha ni nani."

"Jina lake si liko kwenye simu?"

Inspekta alichukua ufunguo wa gari, akaondoka.

* * *

Mama Honorine Mushiya alikuwa amefundisha fasihi kwa muda mrefu kiasi kwamba nusu ya polisi wa Kolwezi walikuwa wamewahi kupata sifuri kutoka kwake. Alimpokea Inspekta ndani ya darasa tupu. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani, lakini somo lao lilikuwa bado ubaoni: *Nani anasema? Anamwambia nani? Ni wakati gani? Nini kimesemwa kabla na baada?*

"Kaa, mama inspekta. Umekuja kwa ajili ya mtoto wangu Ruffin."

Inspekta alimsomea ujumbe wa Dimitri. Mwalimu alifungua nakala yake ya mchezo, karatasi zilizopigwa chapa na kushonwa kwa uzi, akaufikia ukurasa bila kutafuta sana.

"Hapa. Kuna mchimbaji anayetaka kumfichua Chefu. Chefu anamwambia, 'Kesho bulongo itafunga kinywa yako.' Neno kwa neno."

"Mtu anaweza kuazima maneno ya mchezo akatisha kweli."

"Anaweza. Kwa hiyo sentensi peke yake haitoshi. Wanafunzi wangu hunikatia sentensi moja kama kipande cha nyama sokoni, wananiambia huu ndio ushahidi. Mimi huwauliza: mnyama mwenyewe yuko wapi?" Aliweka kidole kwenye mstari uliofuata. "Katika mchezo, mchimbaji anamjibu, 'Na wewe Chefu, nani atafunga yako?' Sasa niambie. Ruffin alipoupata ujumbe huo, alijibu nini?"

Inspekta alifungua faili. Kamanda alikuwa amenakili mstari mmoja tu. Akaichukua simu yenyewe, akasogeza ujumbe kwa kidole, akasoma kilichofuata.

*Na wewe Chefu, nani atafunga yako?* Na chini yake: *Bravo ndugu. Sasa jifunze kupumua.*

Alikaa akiuangalia ujumbe ule. Kijana mmoja alikuwa amepigwa hadi jicho kufunga kwa sababu hakuna aliyesogeza kidole chini kidogo.

"Basi Dimitri alikuwa anakariri," alisema.

"Na Ruffin alikuwa anafurahi." Mwalimu alitoa kitambaa, akafuta miwani. "Kuna jambo jingine. Sikutaka kuja polisi na jambo la vitabu, mngenicheka. Umeyasoma maombolezo ya Profesa Ngoyi?"

Alisukuma gazeti la mjini lililotoka asubuhi ile. Profesa Baudouin Ngoyi, mhakiki anayeheshimiwa kuliko wote katika mji ule, alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu kipaji cha Ruffin. Katikati alinukuu maneno ambayo Chefu anawaambia wafanyakazi wake shimo linapoanguka na watu wakiwa ndani:

*"Mwageni udongo. Kule chini hakuna mtu, kuna sauti tu."*

Inspekta aliisoma mara mbili.

"Ni sentensi ya kutisha," alisema.

"Ndiyo bora kuliko zote katika makala yake. Nilitaka kuwasomea wanafunzi, nikatafuta ukurasa. Haipo." Mwalimu alifungua mahali shimo linapoanguka. "Soma mwenyewe. Ruffin aliandika nini?"

"'Shimo imeanguka. Fungeni, twende.'"

"Basi. Hakuna zaidi. Na nimepitia mchezo wote tangu mwanzo, mstari kwa mstari."

"Labda Profesa aliipamba."

"Baudouin? Abadilishe maneno ndani ya alama za kunukuu?" Mama Honorine alitikisa kichwa. "Tumesoma pamoja. Yule aliwahi kumwangusha mwanafunzi kwa sababu ya koma. Na angalia kitu kingine. Chefu wa Ruffin anaongea kama sisi hapa. Anasema bulongo, anasema batu, anasema kinywa yako. Huyu wa gazetini anasema udongo, anasema mtu. Anaongea kama kitabu. Ruffin alikuwa na sikio kali, asingemchanganyia Chefu lugha. Mama inspekta, mimi naona hii ni sauti ya mtu mwingine."

* * *

Tania alikuwa parokiani, anakunja nguo za mchezo na kuzirudisha katika masanduku. Alikuwa amelia hadi akachoka. Inspekta alimketisha kwenye ukingo wa jukwaa, akamuuliza kuhusu mazoezi ya Jumamosi.

"Tulikuwa batatu tu. Mi, Dimitri, na Ruffin. Tukafika kwenye shimo inaanguka. Dimitri akasema yake, Ruffin akamukatisha. Akasema, hapana, Chefu hatasema tena vile. Akasema alikutana na tata mumoja, muzee aliyeshikaka mupao, ile koleo, siku ile."

"Siku gani?"

"Siku mudogo wake alikufa." Tania alishusha sauti. "Huwa hatuulizi sana, mama. Ni miaka tatu. Mudogo wake alienda kuchimba mu lupango, kiwanja ya mutu, chini ya nyumba, hakurudia. Lupango ya nani, hakuna aliyesema. Bale bengine wote balipewa kitu kidogo, bakaenda mbali. Sasa ule tata wa mupao amerudia, amegonjwa, hataki kufa na ile mambo. Akamuambia Ruffin vile mwenye lupango alisema wakati bale ba chini balikuwa bado bakilia. Ruffin akataka Chefu aseme vile vile, kama mwenyewe alisemaka."

"Uliyasikia hayo maneno?"

"Alisimama pale akayasema."

"Niambie kama ulivyosikia."

Tania alifunga macho. "'Mwageni udongo haraka. Kule chini hakuna mtu, kuna sauti tu.'"

Inspekta aliandika. Kalamu ilisimama kwenye neno la tatu. Gazetini hapakuwa na *haraka*.

"Una hakika alisema haraka?"

"Njo vile nilisikia, mama."

Inspekta aliliacha neno lilivyo. "Aliyaandika mahali?"

"Hapana. Alisema ataandika baadaye. Kwanza anaenda kumuambia mwenyewe, uso kwa uso. Dimitri alimukataza. Mi pia nilimukataza."

"Hakumtaja jina?"

"Hapana. Alisema tungeogopa kuja ku mazoezi."

"Na wewe uliyarudia kwa mtu yeyote? Profesa Ngoyi, kwa mfano?"

"Profesa namujua jina tu. Mi ningemuongelesha wapi, mama? Dimitri vilevile, hajamuona hata siku moja. Kutoka hapa tulienda kwetu na mvua ile, akalala na kaka zangu. Asubuhi mulikuja kumukamata kabla hajanawa."

Alisoma maelezo yake, akatia sahihi. Inspekta alirudi garini, akapiga tena simu kwa polisi wa Kapanga, upande wa Musumba. Profesa Ngoyi alikuwa amewaambia polisi, tangu Jumatatu, kwamba siku zile zote alikuwa Musumba, kwenye mazishi ya mjomba wake. Simu iliita hewani, ikakatika. Mvua ilikuwa imekata mtandao.

* * *

Ofisi ya Profesa Ngoyi ilikuwa na harufu ya karatasi na kahawa. Alikuwa mtu mrefu, wa miaka kama sitini, mwenye Kiswahili kilichonyooshwa kwa pasi. Alimvutia Inspekta kiti.

"Tumempoteza kijana adimu," alisema. "Naomba aliyemuua aadhibiwe. Nasikia mnaye tayari."

"Tunaye mtu. Ulimwona Ruffin lini mara ya mwisho?"

"Mwanzoni mwa mwezi, aliponiletea nakala. Kisha nikasafiri kwenda Musumba. Habari za kifo nilizipata niliporudi."

"Na kule mliongea kwa simu?"

"Kule simu haikamati."

"Makala yako nimeisoma. Uliunukuu mchezo kutoka nakala ile aliyokuletea?"

"Kuna nakala gani nyingine?"

"Naomba unionyeshe."

Aliitoa rafuni. Inspekta alifungua gazeti, akaweka kidole. "Sentensi hii. Iko ukurasa gani?"

Profesa alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo rahisi. Akafungua pale shimo linapoanguka. Akasoma. Akafungua ukurasa wa nyuma yake, kisha wa mbele. Akalamba kidole. Karatasi zilipinduka moja baada ya nyingine, kwanza taratibu, halafu kwa kasi.

"Huenda nilinukuu kwa kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nini? Haimo humo."

"Basi Ruffin alinisomea. Kwa simu. Nimekumbuka."

"Simu yake ninayo. Hakukupigia. Na Musumba haikamati, umesema."

"Waigizaji, basi. Mji huu mdogo, maneno husambaa."

"Waliosikia sentensi hii ni wawili, Jumamosi alasiri. Mmoja yuko kasho tangu Jumapili. Mwingine hajawahi kuongea nawe." Inspekta alifungua faili. "Nitakusomea alivyoeleza. Nisahihishe kama kuna kosa. 'Ruffin alisema: Mwageni udongo haraka. Kule chini hakuna mtu—'"

"Huyo binti ameongeza neno," Profesa alisema. "'Haraka' halikusemwa."

Kalamu ya Inspekta haikusogea.

"Halikusemwa na nani, Profesa?"

Nje wanafunzi walipita wakicheka.

"Na Chefu," Profesa alisema hatimaye.

"Chefu wa kwenye nakala yako hasemi sentensi hii kabisa. Tania aliisikia kwa Ruffin, na labda amekosea neno. Ruffin aliisikia kwa mtu aliyeshika koleo. Wewe uliisikia kwa nani, hata ukajua neno lipi halikuwemo?"

Profesa alivua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mzee zaidi. Aliiweka juu ya nakala ya Ruffin, akaisogeza ikae sawa na ukingo wa karatasi.

"Alikuja nyumbani Jumamosi," alisema. "Mke wangu alikuwa bado Musumba. Mimi niliwahi kurudi. Alisimama sebuleni akaisema. Kwa sauti yangu. Hata namna ninavyovuta pumzi aliipata. Yule kijana angefika mbali sana."

"Ulimfanya nini?"

"Alimaliza, akageuka kuondoka. Kulikuwa na jiwe la malakiti mezani."

"Na mkoba wake?"

"Niliuchoma. Mwili niliupeleka Mutoshi kwa gari langu, nikausukuma shimoni kifudifudi."

Inspekta aliandika yote. Aliandika kwa nguvu kiasi kwamba kalamu ilichana karatasi. "Kwa nini ukaiweka sentensi hiyo gazetini?"

"Alisema ndivyo itakavyosemwa jukwaani. Nilidhani imekwisha kuandikwa katika nakala za wengine. Mhakiki anayeusifu mchezo ule akairuka sentensi ile, watu wangeuliza kwa nini ameruka iliyo bora kuliko zote." Alisogeza miwani tena. "Na kweli ni bora kuliko zote."

"Miaka mitatu iliyopita. Walikuwa wangapi kule chini?"

"Sikuuliza idadi."

"Wangeweza kutolewa?"

"Kuta zilikuwa zinaendelea kuporomoka. Kama wangechimba kuwafuata, nyumba nayo ingeingia."

"Walikuwa hai?"

Profesa alitazama mikono yake. "Walikuwa wanaita," alisema.

* * *

Simu ya Kapanga ilikuja Inspekta na polisi wake wakiwa njiani kwenda nyumbani kwa Profesa. Ndiyo, Profesa alifika mazishini. Aliondoka peke yake Ijumaa, kabla mvua haijaanza. Inspekta alishukuru, akakata.

Dimitri alikuwa amekwisha kufunguliwa. Walipofika mbele ya lupango ya Profesa, walimkuta amesimama kwenye geti na wachimbaji kadhaa, kila mmoja na koleo lake au sururu. Hakuna aliyekuwa amewaita. Inspekta hakuwafukuza, kazi ile polisi wake wasingeiweza.

Mke wa Profesa, Mama Brigitte, alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Lilikuwa jiko la nje, paa la mabati juu ya nguzo nne na sakafu ya saruji iliyofagiwa vizuri. Sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ilichemka juu ya mbabula ya makaa. Alisimama alipoona polisi, akajifuta mikono kwa kitenge.

"Baudouin ana nini?"

"Yuko nasi, mama. Mzima." Inspekta alitoa karatasi ambayo Profesa alikuwa amechora mwenyewe, kwa mistari iliyonyooka: nyumba, choo, mwembe, na alama ya msalaba. Aliigeuza, akaigeuza tena, akihakikisha. Akatazama mahali aliposimama. "Mama Brigitte, jiko hili lilijengwa lini?"

"Miaka tatu sasa. Zamani tulikuwa tunapikia kule kwa mwembe. Nilienda Likasi kwa dada, niliporudia nikakuta amenijengea. Alisema ni zawadi." Macho yake yalitoka kwa Inspekta yakaenda kwa wachimbaji, kwenye makoleo, kisha kwa Dimitri, aliyekuwa tayari amepiga goti na kuweka kiganja juu ya saruji.

"Munatafuta nini hapa?"

Inspekta alimwambia. Alimwambia kwa maneno machache, bila kumshika mkono.

Mama Brigitte hakupiga kelele. Alitazama sakafu chini ya miguu yake, mahali alipokuwa anakaa kila siku na kigoda chake, akitwanga, akisonga bukari, akiimba nyimbo za kanisani. Kisha aliinama, akaishika mbabula kwa mikono mitupu, sufuria ikiwa juu yake, makaa yakiwa mekundu. Dimitri alimkimbilia, lakini mama alikuwa amekwisha kuinyanyua. Alitembea nayo hadi nje ya saruji, akaitua kwenye majani, akabaki amesimama na viganja vimeungua, amevikunjua mbele yake.

"Balikuwa bananisikia?" aliuliza.

Mmoja wa wachimbaji alivua viatu, akaviweka pembeni, akapanda juu ya saruji na sururu yake.